Usingizi Mkavu

Lusekelo alipiga magoti mbele ya shuka.

Shuka lilikuwa la mama yake, la maua ya zambarau, limeanikwa tangu asubuhi kwenye kamba kati ya migomba miwili. Upepo ulilijaza likavimba kama mtu mnene aliyesimama kumpokea mgeni. Lusekelo aliingia uani na begi lake, akaliona, akapunguza mwendo, akashuka chini kwa adabu yote aliyofunzwa.

"Shikamoo, mama."

Shuka likapwaya.

Mlangoni mwa jiko, mdogo wake Tumpe, mwenye miaka kumi na mmoja, aliangua kicheko. "Da Luse! Unasalimia shuka!" Kisha akautazama uso wa mama yao, akaacha kucheka.

Sekela aliweka mwiko chini. Huyu alikuwa binti yake wa kwanza, mhandisi wa maji wa tarafa nzima, mtu aliyeweza kukokotoa mkondo wa mto kichwani huku akisuka nywele. Na sasa alikuwa amepiga magoti kwenye tope, anasubiri kitambaa kimwitikie.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Niko huku."

Lusekelo alinyanyuka, akapangusa magoti, akaifuata sauti.

"Mwonaji wako yuko wapi?" Sekela aliuliza. Wenye taji la usingizi hawakuwa wakitoka bila mwonaji, mtu wa kuwatangulia na kuwaambia kilicho mbele.

"Nimemwacha stendi. Sikutaka asikie nitakayosema."

"Umetoka stendi peke yako?"

"Nimefuata ukingo wa lami. Mguu mmoja kwenye lami, mmoja kwenye majani. Mbona si mbali."

Sekela alimshika mkono, akamwingiza jikoni, akamkalisha kwenye kigoda karibu na moto. "Tumpe, kachote maji."

"Ndoo zimejaa, mama."

"Kazimwage ukachote mengine."

Tumpe alitoka akiburuta miguu, akaenda kusimama nyuma ya ukuta wa jiko. Wote watatu walijua amesimama hapo.

"Wamenirudisha," Lusekelo alisema. "Hawajanifukuza. Wamesema nikae kwetu kwanza, wazee wazungumze."

"Umefanya nini?"

"Nimemgusa baba mkwe."

Akina Mwakatundu, alikoolewa Lusekelo, walikuwa watu walioshika mila zao. Mitambo ilichuma chai, paa zilitengeneza umeme, mabomba yalijiziba yenyewe, lakini kwa akina Mwakatundu mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Halitaji jina lake. Akimwona anakuja njiani, anaingia kwenye migomba na kumpa kisogo mpaka apite. Mzee hatoki njiani. Kazi ya kuona ni ya mkwe.

"Ilikuwaje?"

"Mwonaji wangu, Anyitike, alikuwa na homa, na bomba kubwa lilikuwa limepasuka kule Masoko. Nikasema njia naijua, nitateremka mwenyewe. Mbele yangu kukawa na kitu cheusi. Nikadhani kisiki. Kikakohoa." Alinyoosha mikono kwenye moto. "Kikakohoa tena, kwa nguvu. Mimi nikajua ni mzee anaumwa, pumzi inamkata. Nikakimbia, mama. Nikamshika mkono, nikamwambia, babu, kaa chini, nikuletee maji."

"Alikuwa anakuonya upishe."

"Ndiyo. Kumbe alikuwa ananionya."

"Hukukijua kikohozi chake?"

"Nitakijulia wapi? Sijawahi kukaa naye mahali pamoja." Lusekelo alicheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Hakusema neno. Alivua koti akajifunika kichwa. Mzee mzima, amejifunika kama mtoto anayeogopa radi. Hapo ndipo nikajua nimemshika nani. Mama mkwe anasema nilikusudia. Anasema sisi wa taji tuna dharau, tunapita watu kama miti."

"Na mumeo?"

"Mume wangu naye ana taji. Anajua sikuona. Lakini akisema hivyo mbele ya wazee, wanamwuliza: kama hamwoni, mnatuongoza vipi?"

Nyuma ya ukuta, Tumpe alihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

*

Honi ya shule ililia jua likiwa bado kwenye ncha za migomba.

Kilima kizima kilinyamaza. Mpira uliachwa katikati ya uwanja. Kila nyumba yenye mtoto wa shule ilifunga mapazia, na kila mtoto alijilaza na kuvaa taji lake, ukanda wa kijivu unaopita juu ya nyusi na kukutana kisogoni.

Waliolitengeneza waligundua kuwa usingizi wa usiku mzima una maji mengi. Ukiukausha kama uyoga, kikapu kizima hubaki konzi moja, na konzi hiyo inautosha ubongo. Mtoto analala jua likizama, anaamka chakula cha jioni kikiwa bado cha moto, kichwa chepesi, usiku wote ukiwa wake wa kusoma. Watu waliuita usingizi mkavu. Ule wa zamani, wa kukoroma mpaka jogoo, ukaitwa mbichi.

Wilaya ya kwanza ilipoanza, ya pili haikuwa na hiari. Serikali haikumlazimisha mtu. Ilitunga tu mtihani ambao mtoto wa usingizi mbichi hawezi kuufikisha mwisho, kisha ikaacha uamuzi kwenye kidole gumba cha mama. Ndiyo, kidole. Sheria ilisema taji halifungi mpaka aliyemzaa mtoto abonyeze kifungo kwa mkono wake, kila jioni, ili asije mtu kesho akasema hakuulizwa. Baba wa kina Tumpe alikuwa Kyela, kwenye mitambo ya umeme wa ziwa. Kila akipigiwa simu alisema lile lile: amua wewe, kidole ni chako.

"Mama," Tumpe aliita kutoka kitandani. "Kidole."

Sekela alikuja akasimama. Hakuinama.

"Mama, honi imeshalia. Nikichelewa ukumbi wa kusomea usiku nitaitwa gogo."

Gogo lilikuwa jina la mtoto anayelala usiku kucha. Magogo hawakufanya mtihani. Magogo waliona mbali, kwa hiyo walifundishwa kazi ya macho, wakakua wakawa waonaji.

"Mbonyezee," Lusekelo alisema kutoka kwenye kona. "Usimtese."

Sekela alibonyeza. Tumpe akazama usingizini papo hapo, kama jiwe lililodondoshwa kisimani. Hakugeuka, hakuvuta shuka, hakunung'unika. Watoto wa taji hawakuwa wakiota.

"Wewe," Sekela alimgeukia binti yake mkubwa. "Wewe uliyesalimia shuka leo. Ndiye unayeniambia nimbonyezee?"

"Ndimi. Kwa sababu naijua na kazi ile nyingine." Lusekelo aliongea polepole. "Anyitike ana akili kunishinda. Nakwambia kweli. Bomba likivuja, yeye huwa ameshajua wapi kabla sijafungua ramani. Lakini alilala usingizi mbichi, basi kazi yake ni kutembea mbele yangu na kusema: jiwe, dada. Maji, dada. Mzee anakuja, dada. Mpaka afe. Na siku ile alipopata homa hakuna aliyeuliza homa yake inaendeleaje. Waliuliza nani ataona." Aligeukia kitanda. "Tumpe atakuwa mmojawapo, mama. Mimi au Anyitike. Hatujatengenezewa mtu wa tatu."

*

Asubuhi Sekela alimpeleka Tumpe kwa daktari wa macho mjini Tukuyu. Njiani walipishana na bibi mmoja aliyebeba ndizi.

"Ugonile?" bibi alisalimia. Salamu ya huku huuliza kama umelala.

"Nimelala, bibi," Tumpe alijibu, na bibi akalitazama taji lililoning'inia shingoni mwake, akaendelea na safari.

Daktari Gwamaka alikuwa kijana, naye mtu wa taji. Kwa kazi yake halikuwa tatizo. Alichotakiwa kukiona kilikuwa umbali wa pua. Alimwinamia Tumpe mpaka paji la uso likakaribia kugusana na lake, akamulika jicho la kulia, la kushoto, akarudia la kulia. Kisha akamtuma mtoto akasubiri nje.

"Jicho limerefuka," alisema.

"Kiasi gani?"

"Hilo ndilo nitakalokueleza, mama. Kaa." Alichukua kipira laini kilichokuwa mezani, akakibinya kwa pembeni mpaka kikawa na umbo la yai. "Ubongo unakubali kukaushiwa usingizi. Jicho la mtoto halikubali. Lenyewe linakua usiku, na ni lile giza refu linaloliambia basi, inatosha. Sisi tumeliondoa giza. Badala yake tumeweka kitabu hapa." Aliweka kiganja mbele ya pua yake. "Basi linakua tu, halina wa kulisimamisha. Nyuma ya jicho kuna pazia jembamba. Jicho likirefuka, pazia linavutika."

"Likichanika?"

"Kwa wengi halichaniki. Linachakaa tu. Dada yake ndivyo alivyo, na mimi pia. Miwani haitusaidii, kwa sababu kilichoharibika si kioo cha mbele."

"Na huyu?"

"Huyu yuko ukingoni. Akiacha taji leo, jicho litabaki lilipo. Atavaa miwani, ataona mlima na majani ya mlima. Akiendelea mpaka mtihani, atavuka."

"Mtihani ni muhula ujao. Nimpumzishe kidogo, kisha arudi?"

Daktari alitikisa kichwa. "Ubongo ukishaonja tena usingizi mbichi haurudi kwenye mkavu. Tulijaribu. Watoto walitapika, waliweweseka macho wazi. Akitoka, ametoka."

Sekela alikitazama kile kipira. Kilikuwa kimesharudi kuwa duara.

"Angekuwa wako ungefanyaje?"

"Mimi ni daktari kwa sababu mama yangu alibonyeza," Gwamaka alisema. Alizima taa yake, akaiwasha, akaizima tena. "Na sijawahi kumwona mke wangu akiingia mlangoni. Huwa namsikia tu. Nakwambia yote mawili, mama, kwa sababu jibu sina."

*

Walirudi kwa miguu. Tumpe alitembea na kitabu mbele ya uso, vidole vya mkono mmoja vikiwa vimeshika upindo wa nguo ya mama yake.

"Amesema nini?"

Sekela angeweza kudanganya. Alimwambia yote, hata habari ya mke wa daktari.

Tumpe alifikiri. "Basi imebaki muhula mmoja tu. Nimalize, halafu watavumbua dawa. Kila kitu wanavumbua."

"Dada yako alisema hivyo hivyo."

"Mimi si da Luse. Mimi sitaolewa na watu wa kukohoa."

Sekela akacheka bila kutaka, na Tumpe akacheka naye, na kwa hatua chache walikuwa mama na mtoto waliotoka mjini. Kisha Tumpe alisema, "Mama, mimi na Tusekile tunakaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Nikiwa gogo, unajua nitapangiwa nani."

"Sijui."

"Unajua. Wanapanga watu wanaoelewana. Nitakuwa mwonaji wake. Na hesabu nampita, mama! Hata yeye anajua nampita. Nitamwongoza kwenda kwenye kazi yangu."

Walikuwa wamefika kwenye mgongo wa kilima. Ng'ambo ya bonde, kwenye mteremko wa chai, mtu mmoja alisimama akawainulia mkono.

"Nani yule?" Sekela aliuliza.

Tumpe aliinua uso kutoka kwenye kitabu, akakunja macho. "Wapi?"

"Kwenye chai."

"Ni... mtu."

"Mtu gani?"

"Mwanamume?"

"Shangazi yako."

Tumpe akapunga mkono haraka haraka, kwa bidii, akipunga pembeni kabisa mwa pale alipokuwa shangazi.

*

Jioni hiyo Lusekelo alikuwa akichambua maharage kwa kidole, moja moja, akiyaleta karibu na jicho. Kutoka kwa akina Mwakatundu hakukuwa na habari.

"Mama," alisema. "Njoo karibu."

"Niko karibu."

"Zaidi."

Sekela alisogeza kigoda. Lusekelo aliacha maharage, akamshika mama yake mashavu kwa mikono miwili, akamvuta mpaka pumzi zao zikachanganyika. Binti akishakua hasogezi uso hivyo kwa mama yake. Anasalimia, anapokea mzigo, anakaa upande wake. Sekela hakukumbuka mara ya mwisho.

Macho ya Lusekelo yalitembea juu ya uso ule kama mtu anayesoma.

"Kumbe una mvi hadi kwenye nyusi," alisema. "Sura yako niliyokuwa nayo ni ya mwaka nilioanza taji. Nilikuwa nakuwaza hivyo hivyo, siku zote hizi. Nikikusikia unaongea, ni yule anayeongea." Alipitisha kidole kwenye mikunjo ya pembeni mwa jicho. "Umezeeka lini, mama? Mbona hukuniambia?"

Sekela alikuwa amebonyeza kifungo cha mtoto huyu jioni baada ya jioni, miaka na miaka, akijisifu kanisani kwamba hajawahi kumchelewesha.

"Jana ulisema nimbonyezee."

"Na leo ningesema hivyo hivyo," Lusekelo alisema, bado amemshika. "Usiniulize mimi. Mimi siwezi kuchagua nisiwe mimi."

Honi ikalia.

Tumpe alikuwa ameshajilaza, taji kichwani. "Mama, kidole."

Sekela alikaa ukingoni mwa kitanda. Alikunja kidole gumba ndani ya ngumi, akaiweka ngumi pajani.

"Mama?"

"Leo utalala, Tumpe."

"Nalala ndiyo. Bonyeza."

"Utalala mpaka asubuhi."

Mtoto alielewa kabla sentensi haijaisha. Aliinuka, akauvamia mkono wa mama yake kwa vidole vyote kumi. Alijaribu kuifungua ngumi kama mtu anavyofungua mdomo wa mbwa aliyeshika kifaranga. Alikuwa na nguvu kuliko Sekela alivyodhani. Kidole kimoja kilifunguka, cha pili, Sekela akavifunga tena.

"Kichwa ni changu!" Tumpe alipiga kelele. "Macho ni yangu! Mbona da Luse ulimwacha? Yeye ulimpa, mimi unaninyima!"

"Da Luse sikujua."

"Na mimi najua, na nimekubali! Nimekubali mwenyewe!"

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Mtoto alikuwa ameelezwa, ameelewa, na amechagua. Alikuwa anaomba kilicho chake. Sekela alimtazama, nywele zimevurugika, taji limekaa upande, na hakupata neno hata moja la kuonyesha kwamba Tumpe amekosea. Akashikilia ngumi tu.

"Nitakuchukia," Tumpe alisema. Sasa hakuwa anapiga kelele. "Sikutishi, mama. Nakwambia tu. Nitakuchukia."

"Nichukie."

Lusekelo alisimama mlangoni, ameshika mwimo, akigeuza kichwa huku na huku. Alichokiona kilikuwa kivuli kimoja kinachotikisika.

"Nani analia?" aliuliza. "Jamani, ni nani kati yenu analia?"

Mwishowe Tumpe alivua taji, akalitupa ukutani, akajigeuza kumpa mama yake kisogo. Kulia kukawa kwikwi, kwikwi zikawa pumzi. Ng'ambo ya bonde honi ya pili ililia, taa za ukumbi zikawaka, sauti za watoto zikaanza kukariri kwa pamoja kama mvua ya mbali. Tumpe hakusikia. Mdomo ulikuwa wazi, mguu mmoja umening'inia nje ya kitanda, na midomo yake ilikuwa ikitetemeka, ikisema kitu kwa mtu aliye ndotoni.

*

Mtihani ukaja ukapita. Miwani ya Tumpe ilifika kutoka Mbeya, akaivaa bila kushukuru. Nyumbani aliongea na Lusekelo tu, na Lusekelo alikuwepo wa kuongea naye, kwa kuwa wazee wa akina Mwakatundu walikuwa bado wanazungumza. Alilala mapema. Alikula kilichowekwa. Mama yake akiingia chumba hiki, yeye alikumbuka kitu chumba kile.

Siku moja ukungu ulipopanda, Sekela alikuwa juu kwenye kishamba chake cha chai, akichuma kwa mkono, alipoona watoto wawili kwenye njia ya ng'ambo. Wa nyuma alikuwa ameweka kiganja begani mwa wa mbele. Wa nyuma alikuwa Tusekile, na shati jipya jeupe la waliofaulu. Wa mbele alikuwa akizungumza bila kukoma, mkono mmoja ukionyesha chini: jiwe. Mzizi. Maji.

Bonde zima lilikuwa kati yao, na mto, na mashamba ya watu. Kutoka kule Sekela alikuwa hana ukubwa wa punje ya mahindi. Hakuita. Aliinua mkono tu, juu, akausimamisha.

Tumpe alisita. Miwani ikang'aa mara moja alipoinua uso. Alimtazama mama yake moja kwa moja, si pembeni mwake, si mti uliokuwa nyuma yake, yeye mwenyewe, kwa muda wa kutosha mtu kuhakikisha.

Kisha akamnong'oneza Tusekile sikioni, akamshika kiwiko kwa upole, akamgeuza. Wakaiacha njia ya juu wakateremka kwenye ile ya chini, ndefu, inayozungukia nyuma ya kilima.

Sekela alibaki na mkono hewani. Amemwona. Kutoka kule kote, mtoto wake amemwona.